Leona Woods, mwanamke aliyehesabu nyutroni

Ndugu walimu, wanafunzi, mafundi wa maabara na nyote mliokuja kusikiliza, hamjambo.

Ukimuuliza mtu nani aliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia duniani, atakujibu mwanafizikia Enrico Fermi, na hajakosea. Lakini tarehe 2 Desemba 1942, kule Chicago, Fermi alikuwa na rula ya hesabu mkononi, na tarakimu alizokuwa akizikokotoa lazima zitoke mahali. Zilitoka kwenye vihesabio vya nyutroni, zile chembe ndogo za kiini cha atomi zinazopasua urani. Miongoni mwa waliovitengeneza na kuvisoma alikuwa binti wa miaka 23, mwanamke pekee katika watu wasiozidi hamsini waliokuwamo ukumbini. Jina lake Leona Woods.

Tunamkumbuka yeye kwa sababu nguvu za nyuklia katika siku zake za mwanzo zilikuwa kazi ya kuweka hesabu. Nyutroni ngapi zimezaliwa, ngapi zimeliwa, na nani kazila. Nadharia ilikuwepo tangu 1939. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa uhakika, usiku huu, baada ya kuongeza tabaka hili, tumefika wapi.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1919, La Grange, jimbo la Illinois, akakulia shambani. Shahada ya kwanza ya kemia aliipata Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1938, kabla hajatimiza miaka 19. Utafiti wake wa udaktari, chini ya Robert Mulliken, ulihusu mwanga unaotolewa na molekuli za oksidi ya silikoni, na kazi ya namna hiyo hufanywa kwa mirija ya kioo, pampu za kunyonya hewa na gesi safi. Ujuzi huo wa mikono ndio uliomfikisha kwa kundi la Fermi. Herbert Anderson, msaidizi wa karibu wa Fermi, alikuwa akienda kuogelea Ziwa Michigan jioni pamoja na wenzake, naye Leona alikuwa mmoja wao. Walihitaji mtu anayejua kutengeneza kihesabio, na huyo walikuwa naye tayari majini.

Sasa tukitazame kihesabio chenyewe, maana hapo ndipo penye ufundi.

Nyutroni haina chaji. Ikipita ndani ya gesi haiachi alama. Ili uihesabu, lazima uitegee kitu kitakachoimeza kisha kitoe ishara. Kitu hicho ni boroni-10, ambayo ni karibu atomi 20 katika kila atomi 100 za boroni ya kawaida. Ikimeza nyutroni ya mwendo mdogo hupasuka papo hapo, ikatoa chembe ya alfa na kiini cha lithi-7. Mara nyingi viwili hivyo hugawana nishati ya MeV 2.31 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Vyote vina chaji, na vinapokimbia ndani ya gesi vinang'oa elektroni kwa maelfu. Ndiyo sababu gesi iliyochaguliwa ni boroni trifloridi: inatega na kutoa ishara kwa wakati mmoja.

Unachukua bomba la metali, unapitisha katikati yake waya mwembamba kuliko unywele, ulionyooka na uliokaa sawasawa kwenye mhimili. Unanyonya hewa yote, unajaza boroni trifloridi kwa shinikizo chini ya lile la angahewa, kisha unauweka waya kwenye volti zinazozidi elfu moja. Elektroni zinavutwa na waya, zinaongezeka njiani, na kila nyutroni iliyomezwa inakuja kama pigo moja la umeme.

Yanayoharibika ni mengi. Gesi hii ina sumu, tena haipatani kabisa na unyevu. Maji kidogo tu yaliyobaki ukutani mwa bomba yanaigeuza kuwa asidi inayokula metali. Oksijeni iliyosalia hunasa elektroni kabla hazijafika kwenye waya, mapigo yakawa madogo, nawe ukaanza kupoteza nyutroni bila kujua. Chembe ya vumbi kwenye waya huleta mapigo ya uongo hata pasipokuwa na nyutroni. Kwa hiyo kabla ya kukiamini unakipima: ongeza volti hatua kwa hatua, andika mapigo kwa dakika, chora. Kuna eneo ambalo mstari unalala karibu tambarare. Fanya kazi katikati ya hapo, ili umeme wa jengo ukitikisika kidogo hesabu yako isitikisike nao. Na mionzi ya gama? Mapigo yake ni madogo kuliko ya alfa, kwa hiyo unaweka kizingiti na kuyakata.

Wanafunzi wengi husahau mawili. La kwanza, kuhesabu kuna bahati ndani yake. Ukipata mapigo 100, shaka yake ni kama 10 juu au chini, yaani asilimia 10. Ukitaka asilimia moja, subiri mapigo 10,000. Hakuna njia ya mkato. La pili, kihesabio kikizidiwa hudanganya kuelekea chini, na huo ndio upande wa hatari. Mapigo mawili yakifuatana mno huonekana moja. Kama kila pigo linakifunga kwa mikrosekunde 10, basi kwenye mapigo 10,000 kwa sekunde umeshapoteza karibu sehemu moja ya kumi, huku wewe unaona mambo yametulia.

Boroni hiyohiyo iliyomfaa Leona ndani ya bomba ilikuwa adui mkubwa nje ya bomba. Kinu cha Chicago kilitumia grafaiti, ambayo ni kaboni, kupunguza mwendo wa nyutroni, kwa kuwa urani asilia haipasuki kirahisi kwa nyutroni za kasi. Kaboni safi hula nyutroni kidogo sana. Lakini ukipiga hesabu, boroni ya sehemu moja tu kwa milioni, kwa uzito, inaongeza unywaji wa nyutroni kwa karibu robo. Grafaiti ya kawaida ya viwandani haikufaa. Leo Szilard, mwanafizikia mwenzao, aliwabana wenye viwanda mpaka wakatoa iliyo safi zaidi. Ujerumani, mwanafizikia Walther Bothe alipima grafaiti mapema 1941 akapata kwamba inakula nyutroni kupita kiasi, na wenzake wakageukia maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito, kutoka Norwei. Uchafu ndani ya grafaiti au hewa iliyonaswa kati ya matofali, wanahistoria bado wanabishana. Vyovyote vile, kipimo kimoja kilifunga njia nzima.

Ujenzi ulianza tarehe 16 Novemba 1942, katika ukumbi wa kuchezea mpira wa ukutani chini ya jukwaa la magharibi la kiwanja cha Stagg. Zamu mbili za saa kumi na mbili: Walter Zinn mchana, Anderson usiku. Matofali ya grafaiti kama 45,000, jumla karibu tani 350. Oksidi ya urani tani 36 na ushei, na metali ya urani tani 5.6. Vifaa bora viliwekwa katikati, kwa sababu nyutroni iliyopo katikati ina nafasi ndogo ya kutoroka nje. Vumbi jeusi lilifunika kila kitu, na sakafu ya grafaiti huteleza vibaya. Leona alikuwa humo humo kwenye vumbi, nguo nyeusi na uso mweusi kama wengine.

Kinu kilijengwaje bila kulipuka mikononi mwao? Hapa kihesabio ndicho kilikuwa msimamizi. Urani hupasuka yenyewe kidogo kidogo, kwa hiyo tangu mwanzo kuna nyutroni chache zinazozunguka. Kila tabaka linapoongezwa, nyutroni hizo huzaa nyingine zaidi kabla hazijapotea, na kihesabio kinasoma juu zaidi. Usichore hesabu yenyewe, maana itapanda kwa mkunjo usiotabirika kwa macho. Chora kinyume chake, yaani moja gawanya kwa ongezeko. Nitatoa tarakimu za mfano. Kihesabio kikisoma mara mbili ya mwanzo kwenye tabaka la 28, kinyume chake ni 0.5. Kikisoma mara nne kwenye tabaka la 42, ni 0.25. Piga mstari kati ya nukta hizo, uendeleze: unagonga sifuri kwenye tabaka la 56. Hapo mmenyuko mnyororo, yaani mpasuko mmoja kuzaa mwingine, unajiendesha wenyewe. Wao walitumia fomula yenye mraba wa nusu kipenyo cha kinu gawanya kwa kiwango cha nyutroni, ila wazo ni lilelile.

Pamoja na hayo walitumia vipande vyembamba vya metali iitwayo indi. Unakiingiza kipande ndani ya kinu, kinapigwa na nyutroni mpaka kinatoa mionzi, kisha unakitoa na kukikimbiza kwenye mita. Unakimbia kweli, kwa sababu mionzi hiyo inapungua nusu kila baada ya dakika 54, na usipoandika dakika uliyokitoa, kipimo chako ni cha kutupa.

Mpango wa awali ulikuwa matabaka 76. Mstari ulisema 56 yatatosha. Usiku wa tarehe 1 Desemba zamu ya Anderson iliweka la 57, wakafunga fimbo za kadimi, metali inayomeza nyutroni, ndani, wakaenda kulala. Fimbo hizo zilikuwa mbao bapa zilizopigiliwa bati la kadimi kwa misumari. Ndivyo kifaa cha usalama cha kinu cha kwanza duniani kilivyokuwa.

Siku yenyewe ilianza saa 3:45 asubuhi. Fimbo zilitolewa moja baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa mikononi mwa George Weil, kidogo kidogo kila mara. Baada ya kila hatua walisimama. Mapigo yalipanda, yakatulia. Fermi akakokotoa, akatabiri yatatulia wapi hatua inayofuata. Leona alisoma hesabu kwa sauti. Kutulia huko ndiko ushahidi kwamba kinu bado hakijafika. Yasipotulia tena, umefika. Karibu saa 5:35 fimbo ya dharura ilianguka yenyewe kwa kishindo. Hakuna lililoharibika, ni kizingiti chake tu kilikuwa kimewekwa chini mno. Fermi akasema ana njaa, twende tukale. Wengine husimulia hilo kama kichekesho. Mimi naliona kama utaratibu mzuri: kifaa cha usalama kikifanya kazi bila kutarajiwa, simama, kirekebishe, usiendelee kwa papara.

Saa 9:25 alasiri mapigo hayakutulia tena. Vihesabio vilikuwa vimeenda kasi mpaka sauti zikaungana kuwa mvumo mmoja, ikabidi waangalie kalamu inayochora mstari kwenye karatasi, kwa sababu ile niliyotaja ya kihesabio kuzidiwa. Kinu kiliachwa dakika 28, kisha fimbo zikarudishwa. Nguvu yake ilikuwa nusu wati, isiyotosha kuwasha taa ya tochi. Vijana watatu waliokaa juu na ndoo za maji ya kadimi, na Norman Hilberry aliyeshika shoka la kukata kamba iliyoning'iniza fimbo ya dharura, hawakuhitajika. Eugene Wigner alitoa chupa ya divai, wakanywa kwa vikombe vya karatasi.

Kwa nini hakikuwakimbia? Kila nyutroni 10,000 zilizaa 10,006. Katika grafaiti kizazi kimoja huchukua kama milisekunde moja, kwa hiyo ungetarajia nguvu kuongezeka maradufu karibu kila sekunde, na Weil asingeweza kuwahi. Kilichowaokoa ni kwamba nyutroni kama 65 katika kila 10,000 za mpasuko wa urani-235 hazitoki papo hapo. Zinatoka kwenye mabaki ya mpasuko, baada ya sekunde kadhaa hata dakika. Maadamu ziada yako ni ndogo kuliko hizo 65, hao wachelewaji ndio wanaoamua mwendo, na mkono wa binadamu unatosha. Kila kinu kinachofanya kazi leo kinaishi ndani ya mwanya huo, kama ilivyoishi TRICO ya Kinshasa, kinu cha kwanza barani Afrika, kilichowashwa mwaka 1959.

Leona aliolewa na mwanafizikia mwenzake John Marshall mwaka 1943. Baada ya kinu kuhamishiwa Argonne, nje ya Chicago, alishika mimba, akaificha ndani ya ovaroli yenye mifuko mingi ili asiondolewe kazini, akajifungua mwaka 1944 na kurudi upesi. Wapo wanaolisimulia jambo hili kwa kusifu. Tusilisifu. Miongozo ya kimataifa ya leo inahimiza mfanyakazi mjamzito atoe taarifa, na mtoto tumboni asipate zaidi ya milisiveti moja (kipimo cha mionzi mwilini) kwa muda uliobaki. Kama mama anaona afadhali afiche kuliko kusema, mwenye makosa ni aliyepanga kazi.

Tuje Hanford, jimbo la Washington, kando ya mto Columbia. Kinu B kilikuwa cha kwanza kikubwa: grafaiti tani 1,200, urani tani 200, nguvu iliyokusudiwa megawati 250, na maji ya mto yakipita kwenye mirija kupoza. Usiku wa kuamkia 27 Septemba 1944 kiliwashwa, kikapandishwa hadi megawati 9. Leona na mumewe walikuwa katika kundi lililokisimamia, yeye akiwa mwanafizikia mwanamke pekee mahali pale. Saa chache baadaye nguvu ikaanza kushuka. Waendeshaji wakavuta fimbo nje kidogo, ikashuka tena. Wakavuta tena. Jioni fimbo zote zikawa nje na kinu kimekufa.

Dhana ya kwanza ilikuwa uvujaji: maji yameingia kwenye grafaiti, au mto una boroni. Lakini alfajiri ya siku iliyofuata kinu kikafufuka chenyewe, kikapanda, kikafa tena. Mrija unaovuja haujizibi usiku. Kitu kinachozaliwa, kikala nyutroni, kikafa kwa ratiba, hicho ni atomi yenye mionzi, na muda wa kufufuka unakuambia ni ipi. John Wheeler alikokotoa akaitaja: zenoni-135.

Mlolongo ni huu. Mpasuko wa urani huzaa iodini-135, ambayo nusu yake hugeuka zenoni-135 katika saa 6.6. Zenoni nayo hupungua nusu kila saa 9.1. Zenoni-135 ina uchu wa nyutroni wa barni milioni 2.6 (barni ni kipimo cha jinsi kiini kinavyonasa nyutroni kirahisi), zaidi ya mara mia moja ya kadimi-113 iliyokuwa kwenye fimbo zao. Chicago haikuonekana kwa kuwa nusu wati haizai zenoni ya kutosha. Zinn alikiendesha kinu cha maji mazito cha Argonne muda mrefu kwa nguvu zote, akaikuta sumu hiyo hapo pia. Ilikuwepo, ila haikuwa imesubiriwa.

Dawa ilikuwa tayari ukutani. Wanafizikia walikuwa wameomba mirija 1,500 ya kutia urani. Wahandisi wa DuPont, kampuni iliyojenga kinu, wakiongozwa na tahadhari ya kiwandani, walitoboa ya ziada kwenye pembe hadi ikafika 2,004, na wanafizikia wakanung'unika kwamba ni ufujaji. Urani iliyojazwa kwenye hiyo 504 ndiyo iliyoishinda zenoni. Mapema 1945 kinu kilifika megawati 250.

Wanaosomea uendeshaji walishike hili: ukizima kinu kikubwa, zenoni haipungui mara moja, inaongezeka, kwa sababu iodini iliyobaki inaendelea kugeuka huku hakuna nyutroni za kuichoma. Hufika kilele baada ya saa kama kumi na moja. Atakayelazimisha kuwasha wakati huo atazitoa fimbo nyingi mno, na zenoni ikianza kuchomwa hana cha kurudisha upesi. Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, nguvu ilianguka hadi megawati 30, wakaipandisha kwa kuvuta fimbo karibu zote. Muundo wa kinu kile ulikuwa na kasoro zake kubwa, lakini zenoni ndiyo iliyowafikisha kwenye hali hiyo.

Hanford wakati huo haikutengeneza umeme. Ilitengeneza plutoni, na plutoni hiyo ilidondoshwa Nagasaki ndani ya bomu tarehe 9 Agosti 1945, siku Leona alipotimiza miaka 26. Watu makumi ya maelfu walikufa. Yeye hakujuta hadharani, aliamini kazi ile ilifupisha vita. Sihitaji kukubaliana naye ili nimheshimu kwa vihesabio vyake. Wala tusisahau kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mgodini na sokoni. Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière alishapeleka tani kama 1,200 za mawe hayo New York kabla Wamarekani hawajayaulizia. Wachimbaji walioyatoa ardhini hawakuhesabiwa mionzi kwa kihesabio chochote.

Baada ya vita alirudi Chicago, baadaye akafundisha New York na Colorado, akaolewa na mwanakemia Willard Libby mwaka 1966, akamalizia Los Angeles. Huko alipima pete za miti, mierezi ya Japani na mialoni ya Ujerumani. Maji yenye oksijeni-18, yaani oksijeni nzito, au hidrojeni nzito huwa haba zaidi katika mvua ya majira ya baridi kuliko ya joto, na mti huyaweka ndani ya mbao kama yalivyonyesha. Kata pete ya mwaka mmoja, pima uwiano wa atomi nzito kwa nyepesi, unapata dalili ya joto la mwaka huo, karne nyingi kabla ya kipimajoto. Alifariki Novemba 1986, miezi michache baada ya Chernobyl, akiwa bado anaitetea nishati ya nyuklia.

Asanteni. Walio na maswali kuhusu mchoro wa kinyume cha ongezeko, njooni mbele na karatasi.